Nifungue Paa?

Shikamoo Baba,

Nilizoea uitikie kabla sijamaliza.

Leo ni arobaini yako, tumeanua matanga. Nguo zako zimegawanywa. Shati la bluu amechukua Baba Mkubwa, mimi nimepewa simu. Nimeichaji hapohapo kitandani kwako. Ujumbe ukamiminika, wote wa aina moja: "Anga safi. Nifungue paa?"

Ni darubini yako ya hapa Utende, Baba, inaomba kufungua paa la kibanda chake. Uliifundisha kompyuta kila kitu: kuchagua asteroidi, kuielekeza darubini, kupiga picha, kuwatumia wenzako wa ng'ambo vipimo sisi tukiwa tumelala. Kitu kimoja ulikataa kuiachia. Kila magharibi ilibidi ikuulize wewe kwanza, nawe utoke uani, unuse upepo wa ghuba, ndipo ujibu. "Mashine haijui harufu ya mvua," ulisema, nami nikakucheka.

Ulikuwa unafuatilia asteroidi mpya, lile jiwe la angani lililokuwa likipita karibu na Dunia. Tukilikosa siku chache tu, ulisema, njia yake haitajulikana tena. Kisha ukaanguka darasani, chaki mkononi. Nywila ya kompyuta ukaenda nayo. Ikabaki simu tu ya kuiamuru. Baba Mkubwa akaja kutoka Njombe, akafungia vitu vyako vyote sandukuni, simu ikiwemo. Vya marehemu haviguswi mpaka arobaini.

Jioni ya maziko simu ililia humo ndani. Mama alidhani ni rambirambi. Mimi nilijua ni nani. Nilimpigia magoti Baba Mkubwa anipe ufunguo, nikamweleza yote. Akanishika kichwa. "Jiwe halina haraka, mwanangu."

Mama alikuwa ameegemeza kichwa kwenye lile sanduku; nikainuka, nikatoka. Simu ikalia kila jioni mpaka chaji ikaisha. Nina hasira, Baba. Nawe pia nina hasira, huku nakulilia.

Jiwe limepotea. Wenzako wa ng'ambo wamelitafuta, wamechoka. Hakuna aliyewahi kusema litatugonga. Ila sasa hakuna anayeweza kusema halitatugonga.

Lile swali ulilotaka kompyuta iulize kila magharibi, sitalifuta. Jioni hii nimetoka uani, nikanusa, nikajibu kwa simu yako: fungua. Kesho, kwa simu hiihii, nitaiwekea kompyuta namba yangu, na ya Mama chini yake. Nimeshamwambia mbele ya Baba Mkubwa: siku nikifa, simu yangu isifungiwe.

Pumzika, Baba. Likirudi, litakuta paa liko wazi.

Mwanao,
Tumaini