Kura Niliyoipigia Debe

Alder Fork, Colorado
Machi 9

Mpendwa dada Maurine,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Alaska? Sisi tu wazima. Mume wangu Orville kikohozi kimemwachia, na theluji inayeyuka. Barabara yetu ni tope tupu.

Dada, nimechana karatasi tatu kabla ya hii. Najua binti yako Tressa amekwambia kwamba wilaya imefuta kazi yake ya uuguzi wa shule, na mwisho wa Mei anatoka. Asilolijua ni kwamba mkono wangu umo.

Mwaka jana tuliletewa Swali la Nne kwenye kura: sabini kwa kila mia ya bajeti ya shule itumike darasani. Mimi nikaona basi, fedha zitawafikia watoto, si wakubwa wa ofisini. Karatasi za kura zilipofika kwa posta, nikawaalika akina mama wa kanisa, nikaoka pai mbili za tufaha, tukazijaza pale pale mezani kwangu.

Bi Hedda akauliza, "Nadine, hiyo 'darasani' maana yake nini hasa? Umekisoma kile kijitabu cha maelezo ya kura?"

"Hedda, kula pai yako," nikamjibu. "Darasani ni darasani!"

Wakaangua kicheko, wakatia alama Ndiyo. Tulikuwa kumi na wanne. Swali likapita kwa tofauti ya kura tisa tu.

Kijitabu sikuwa nimekifungua. Nilikisoma Januari: muuguzi, maktaba, basi, vyote havihesabiwi kuwa darasani. Tressa alikuwa kwako wiki ile ya pai. Ningeweza kumpigia simu nimuulize. Nilijiona najua.

Yupo mtoto wa darasa la pili mwenye kisukari ambaye Tressa humchoma sindano kila mchana. Sijui nani atamchoma.

Kila Jumapili anakuja kunipima presha. Juzi akasema, "Mama mdogo, imepanda. Nani anakuudhi, nikamdunge sindano butu?" Nikacheka naye, Mungu anisamehe. Kusali siku hizi napiga magoti tu, maneno hayatoki.

Jumapili hii nitamwambia, kabla hajanifunga kile kipimo mkononi. Barua hii itakufikia baadaye. Akikupigia analia, msikilize, wala usinitetee.

Wasalimie Clyde na mapacha wa Ivalee. Bwana akutunze, na hasira yako aipokee Yeye kwanza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuonea haya,
Nadine