Maziwa ya Mama, Mbwa wa Kocha

Alhamisi, Nyamwaga

Pua bado imeziba, na Jumapili kuna mashindano. Mafua yale yale, kila nikimaliza mbio ndefu yananivamia.

Kocha anasema kinga ya mwili wangu ni ya kuku wa kisasa. Anatupa vidonge vya bakteria wazuri wa tumbo, vilivyonunuliwa na tajiri wa dhahabu anayetulipia kambi. Kopo linashinda kwenye dashibodi ya gari lake, juani. Hao bakteria watakuwa wamekufa zamani, lakini nani amwambie? Atanijibu kwamba mashimo ya dhahabu yako wazi, niende nikachimbe na wenzangu walioacha mbio.

Leo mama amekuja kutoka Machochwe na kibuyu cha maziwa yaliyoganda, yale niliyokuwa nakunywa zamani, nakimbia bila hata kupiga chafya. Akamwambia kocha, "Mwanangu amezoea haya. Tumbo lake linayajua."

Kocha akanusa, akasema huu ni uchafu, akayamwaga yote kwenye bakuli la mbwa wake. Kambi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, ili asinikasirikie.

Mama akasubiri mbwa alambe mpaka mwisho. Akachukua kibuyu chake, akasema taratibu, "Basi Jumapili akimbie huyo mbwa, mwalimu."

Hapo hakucheka mtu.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Akapanda gari bila kunitazama.

"Rudi, mura wangu. Wenzako watamaliza kucheka bila wewe."