Shangazi Alipokonda

Mjukuu wangu Rukia,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Msambweni. Sote tu wazima, alhamdulillahi. Mamako ameanza tena kuuza mahamri.

Waniuliza mbona namshuku daktari aliyenitibu mapigo ya moyo, anayesema nisipopunguza mwili yatavurugika tena. Mwanangu, mimi nimelelewa kuogopa wembamba.

Nilipokuwa msichana, shangazi yangu Mwanakombo, aliyeolewa Kinango, alikuja kututembelea amekonda. Mama akamvuta jikoni.

"Mumeo akunyima chakula?"

"La, wifi. Nilikuwa nikihema hata kwenda kisimani, nikaamua kupunguza mwili."

Hatukumwamini. Majirani walisema amelogwa. Mama akampakulia wali wa nazi, naye akala nusu tu. Asubuhi tulipokwenda shambani nilimfuata nyuma, nikingoja aanguke. Alipanda kilima chote akiimba. Aliyeketi njiani kuvuta pumzi alikuwa mama.

Daktari bado namtazama kwa jicho la pembeni. Waganga wote hupenda kututia hofu. Lakini tangu juzi nala nusu sahani, na leo nimekwenda sokoni kwa miguu. Huyo daktari akikupigia simu kuuliza hali yangu usimwambie, asije akadhani nimemwamini.

Mola akuhifadhi huko uliko.

Nyanyako, Mwanasiti