Vitambaa vya Kariandusi

Dada Chebet,

Natumaini baridi ya Kuresoi haijaua viazi. Nilifika salama kwa mume wangu. Huku Kariandusi ni vumbi tu la mawe meupe wanayochimba. Akitoka machimboni ni mweupe mpaka kope, na kile kikohozi kimezidi.

Jana mgeni wa serikali alikuja kuwauliza wachimbaji maoni, eti kabla sheria ya usalama haijaandikwa. Asubuhi hiyohiyo nyapara aligawa vitambaa vipya vya kufunika pua, bado vina mikunjo ya dukani. Nikajiambia, hapa kuna kitu. Wanaume wakasema wameridhika. Shemeji yako peke yake alisimama: "Bwana, urudi kesho bila kututumia habari." Mgeni akacheka. Karani akamwuliza mume wangu namba ya kipande chake cha kazi, akaiandika.

Gari lilipoondoka, vitambaa vikakusanywa, tukaletewa sisi wanawake tuvifue, vingoje mgeni mwingine. Dada, shati la mume wangu hugeuza maji yakawa kama maziwa. Vitambaa vyote tulivifua kwa beseni moja, na maji yakabaki safi.

Kimoja nimekificha. Nisalimie watoto, na umwombee shemeji yako, kwa maana namba yake bado iko kwa karani.

Mdogo wako,
Chepkoech