Nusu Mzunguko wa Koki

3 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kazini, nimekaa kwenye kiti cha wagonjwa kwa sababu daktari wa meno ametoka kwenda kula na mimi nimeachiwa kulinda koleo zake. Magoti yanasemaje? Na lile sikio lililobaki, bado linasikia yale linayoyataka tu? Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Chiriku anakua, ila mdomo unakua kumzidi.

Kaa chini kwanza, usisome umesimama. Nimejiandikisha kurudi kupiga mbizi.

Mwezi uliopita mwalimu wake alinipigia simu. Watoto walipelekwa bwawani, wenzake wote wakaingia, yeye akang'ang'ania ngazi na kusema, "Kwetu sisi hatuwezi maji. Mama aliogopa chini ya bahari akakaribia kufa." Sikumbuki kumwambia hayo. Lakini ananiona nikinawa uso kwa kitambaa kilicholowa, na ananiona nikipanda ngazi ghorofa sita kwa kuogopa kufungiwa kwenye lifti. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu namlea ndani ya woga wangu.

Miaka kumi na minne sasa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wanafunzi wako wote walitulia chini, na mimi, binti wa mwalimu, ndiye niliyefyatuka kwenda juu kama kizibo mpaka pafu likachanika. Mwaka uliofuata ukafunga chuo chako cha kupiga mbizi. Ulisema ni masikio. Sijawahi kuamini kwamba ni masikio, Baba. Nilijua nimekuaibisha.

Daktari amenipima kifua, amesema ni kizima. Kuna masomo matano ya bwawani, kisha tarehe 14 Machi tunaingia baharini, mita kumi na nane. Naogopa mpaka mikono inatoa jasho ndani ya glavu. Niombee.

Mwanao akupendaye

*

12 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yamekuwa redio, yanatangaza mvua siku mbili kabla. Sikio linasikia pampu tu, na ndiyo kazi yangu siku hizi, kutengeneza pampu za maji. Pampu ikiharibika haiui mtu.

Umefanya vyema kuandika barua. Simu siisikii, na maandishi yake ni madogo mno kwa macho yangu. Ujumbe ukija nampelekea mfamasia wa hapa chini, naye anausoma kwa sauti ya mnada. Mara ya mwisho uliponiuliza kuhusu ukurutu, foleni nzima ilinipa pole.

Sasa hilo la mbizi. Acha. Chiriku mtafutie mwalimu wa kuogelea, bwawa lina ngazi na lina mlinzi. Wewe ni mama wa mtu. Wanasema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nasema ana haki ya kushtuka, tena akimbie.

Na hukuniaibisha. Hilo liamini hata kama huamini lingine lolote ninaloandika.

Nimewahi kukuomba kitu? Nakuomba hiki.

Baba yako

*

22 Februari

Baba,

Shikamoo tena, na pole kwa mvua, maana magoti yako yalisema kweli hata huku. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nimeasi.

Jana nilikuwa bwawani. Mita tatu tu za maji, naiona saa ya ukutani kutoka chini, lakini moyo ulidunda mpaka nikausikia kwenye meno. Anayetufundisha ni mwanamke mfupi, wanafunzi wanamwita Bi Taratibu. Kwake kuna sheria moja: mtu hagusi koki ya mtungi wa mwenzake. Kila mmoja anafungua yake, kisha anapumua mara nne macho yakiwa kwenye geji ya hewa. Nikamweleza kwamba kwetu hakuna aliyeingia majini kabla hujapita nyuma yake ukahakikisha koki kwa mkono wako mwenyewe, unafungua mpaka mwisho, unarudisha nusu mzunguko. Akasema, "Mkono wa mwalimu nao huchoka." Nilikasirika kwa niaba yako.

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia hata yeye. Siku ile hewa ilianza kuwa nzito, kama ninaivuta kupitia kitambaa kilicholowa. Kila nikivuta, inapungua. Wewe ndiye uliyenieleza pale hospitalini: "Hewa ilikuwepo, mwanangu. Uliogopa tu, si kosa." Na kweli, mtungi ulikutwa na hewa zaidi ya nusu, koki iko wazi.

Kwa hiyo nimeamua. Safari hii hewa ikiwa nzito sipandi, wala simwashirii mtu. Nitapiga magoti mchangani niendelee kuvuta mpaka hofu ichoke yenyewe. Nimeshaanza mazoezi. Bwawani hali ile ikinijia nafumba macho, nahesabu. Jana nilifika sabini.

Umeona sasa? Ulinifundisha vizuri, nilichelewa tu kuelewa.

Mwanao

*

6 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujambo kweli? Wiki mbili sijapata hata mstari. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi nijue uko hai.

Bado siku nane. Chiriku ameniuliza kama nikifa atakaa na nani. Aliuliza huku anakula, kama anayeuliza bei ya daftari, na mimi nikaenda kujifungia chooni. Nimefika tisini.

Mwanao

*

13 Machi, saa tisa alasiri
(ujumbe wa simu)

Mwanangu, anayeandika ni mfamasia, maneno ni yangu. Nimemwomba afunge mlango wa duka. Barua nilikuandikia nne, zote ziko kwenye droo, na sasa posta haiwezi kuwahi.

Hewa ikiwa nzito usikae chini. Usihesabu hata moja. Mwashirie mwenzako akupe hewa yake, mpande wote polepole.

Siku ile hukuogopa. Hewa haikuwa inakufikia. Koki yako uliifungua vizuri wewe mwenyewe, kisha mimi nikapita nyuma yako kama kawaida yangu. Nilikuwa naongea na nahodha, nimegeuza kichwa, mkono unafanya kazi peke yake. Nikaizungusha upande usio wake. Niliifunga mpaka mwisho, halafu nikairudisha nusu mzunguko. Koki ikifunguka kidogo hivyo, juu unapumua bila shida yoyote. Ukifika mita ishirini pafu linataka hewa nyingi zaidi, na ule upenyo hautoshi. Ulipanda kwa sababu ulikuwa unakufa.

Nilijua siku ile ile. Wenzako wamekushika kichwa, mimi nakuvua mtungi, nikagusa koki, nikajua. Nikaifungua yote kabla mkaguzi hajafika. Halafu nikaja kitandani kwako kukuambia kwamba uliogopa. Ukasema, "Nisamehe, Baba." Nami nikakusamehe, mwanangu. Nilithubutu kukusamehe.

Chuo sikukifunga kwa masikio. Kila nikiishika koki ya mtu, sikuuamini tena mkono wangu. Nilisema nitakuambia ukipona. Kisha nikasema ukiolewa, kisha ukijifungua. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka kumi na minne, na kesho inaishia kwako.

Mfamasia ameacha kuandika ananitazama. Nimemwambia aendelee.

Usishuke kesho. Ukishuka, usiamini neno lolote nililokuambia.

Baba

*

14 Machi, saa kumi na mbili jioni
(ujumbe wa simu)

Umetoka majini? Nijibu neno moja tu.

Baba

*

17 Machi
(ujumbe wa simu)

Habari za asubuhi, dada. Ni mimi mfamasia, mzee hajui kama naandika. Nikifungua duka namkuta mlangoni, nikifunga ndiyo anaondoka. Hanunui kitu, anakaa tu karibu na mizani na simu yake mkononi, na kila mteja akiingia anainuka. Simu yako inaita haipokelewi. Kama kuna ndugu yako anayeusoma ujumbe huu, tafadhali atuambie lolote lile.

*

29 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nimetanguliza hilo kwa sababu najua ndilo unalolitafuta, na nimeandika herufi kubwa ili usome mwenyewe.

Ujumbe wako niliusoma asubuhi ile nikiwa kwenye boti, suti nimeivaa mpaka kiunoni. Nikamwambia Bi Taratibu sishuki. Akanifunika taulo. Wenzangu walizama, mimi nikabaki kando ya nahodha.

Ujumbe wako wa pili niliuona. Wa mfamasia pia niliuona. Simu ilipoita niliitazama mpaka ikanyamaza. Nilijua unaogopa, Baba, na nikakuacha uogope. Siku kumi na tano kwa miaka kumi na minne, nadhani umepata nafuu.

Unajua ngazi nilizopanda? Unajua kwamba nilipokuwa nikimzaa Chiriku nilipigana na wakunga wasinivishe ile barakoa ya hewa, kwa kuwa ule mpira usoni ulinirudisha chini ya bahari? Mume wangu alipoondoka alisema hawezi kuishi na mtu anayeogopa milango. Sikubisha. Nilijiambia mimi ni mwoga mpaka nikawa mwoga kweli. Na wewe ulikuwa ukiniona, kila ulipokuja kututembelea, ukanyamaza. Nakupenda na nimekukasirikia, na hakuna kati ya hayo mawili lililopungua tangu nianze kuandika barua hii.

Jana nilishuka.

Koki nilifungua mwenyewe. Nikapumua mara nne, macho kwenye geji. Tulipofika mita kumi ikaja hofu ile ile, kifua kikabana, vidole vikafa ganzi. Nikatazama geji. Mshale umetulia, hewa inakuja. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na hofu na hewa kwa pamoja, nikajua ipi ni ipi. Hofu haikuniacha hata dakika moja. Nilikaa nayo huko chini dakika thelathini na moja, na sikuona samaki hata mmoja kwa vile nilikuwa nimeikodolea macho geji. Bi Taratibu anasema mita ni zile zile hata kwa asiyeona kitu.

Tulipopanda alisifu jinsi nilivyopanda polepole bila kuambiwa, akauliza nilifundishwa na nani. Nikasema baba yangu.

Sijui nitakusamehe lini, na usiniulize kwa barua. Mshukuru mfamasia, mwambie naomba radhi kwa kumweka roho juu.

Chiriku anaanza masomo ya kuogelea Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, saa tatu asubuhi. Ukitaka, njoo. Utakaa kwenye benchi na wazazi wengine, mikono mapajani, na hutagusa kitu.

Mwanao