Kipoozeo Kilichokataa Kuenea

Baba Peiyu,

Uji wa viazi vitamu uko jikoni. Upashe moto, na Bibi apewe dawa yake baada ya kula. Nimekwenda kibandani kukaanga chapati za mayai, nimechoka kabla hata ya kuanza.

~~Kompyuta yangu usiiguse kabisa.~~ Iguse, lakini kwa mikono, si kwa goti. Asubuhi ulikandamiza kifuniko cha ubavuni ukisema, "Kaza tu, kitaingia!" Hakiingii. Kipoozeo cha prosesa nilichonunua kimezidi kasha kwa unene wa kidole. Ukikisukuma tena utapasua ubao wa ndani, na jioni hii natakiwa kuiwasha mbele ya mwalimu wa darasa letu la kuunda kompyuta. Nikishindwa, narudia muhula mzima.

Peiyu naye akacheka: "Mama, umemwomba Mungu weee, kupima hukupima?" Ni kweli, na imeniuma.

Halafu ile pakiti ya kijani ya vitafunio, uliyoiweka kama hirizi, wanavyofanya watu hapa kwetu, ili mashine iwe na adabu. Nia yako naijua. Lakini mume wangu, pakiti hukaa juu ya kasha, si ndani! Iliziba feni, ndiyo maana mashine ilikuwa inazimika. Nilidhani nimeiharibu mimi, nikaenda kulia chooni.

Nimeitoa. Sasa inawaka vizuri, ubavu ukiwa wazi. Mungu ashukuriwe.

Niletee shuleni jioni kwa pikipiki, vivyo hivyo bila kifuniko. Ifunike kwa taulo kama mvua itanyesha. Ukifika, usiniulize kama nimechoka. Niambie tu kwamba itawaka.

Mama Peiyu