Mshahara Hauulizi Umesoma Wapi

Bangwe, 2 Oktoba 2024

Shikamoo Baba. Natumai huko Kalinzi hamjambo na mafua yako yamepungua. Huku kwa Shangazi tu wazima.

Nimechaguliwa vyuo viwili, vyote shahada ya afya ya jamii: cha serikali, na kile cha binafsi cha Dar unachokitaka wewe. Ada ya Dar ni mara tatu. Nikawauliza waliomaliza. Yasmini kasoma Dar, Feliksi kasoma cha serikali. Wako ofisi moja, mshahara uleule. Baba, nakuomba usiuze kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, ili kulipa ada hiyo. Mwakani Mama na wadogo zangu watakula nini?

Binti yako,
Scola

Kalinzi, 7 Oktoba

Marahaba, mwana wanje, binti yangu. Tu wazima, mafua tu yameniganda.

Alphonce wa Mzee Leonardi kasoma Dar, shirika likamchukua kambini kwa wakimbizi. Pasaka alikuja na gari jeupe, akanipeleka kanisani. Feliksi wako ana gari? Mchuuzi wa kahawa analeta hela Jumamosi, za maua ya shamba zima. Ukithibitisha chuo kingine, usiniite baba.

Baba yako

Bangwe, 10 Oktoba

Shikamoo Baba. Simu zangu hupokei, basi barua hii nampa dereva akuletee kesho. Nimelia sana.

Nimemwona Alphonce. Anaendesha bodaboda Kasingirima. Mradi ulifungwa Juni, na gari lilikuwa la shirika. Nyumbani hajasema, anaona aibu, maana na yeye alisomeshwa kwa kahawa iliyouzwa maua. Kaniomba, "Dada, usimwambie mzee wangu." Nami nakuomba usimwambie. Ila hela usipokee.

Binti yako, ukikubali,
Scola

Kalinzi, 13 Oktoba

Marahaba, mwanangu. Mama anakusalimu, mafua yameisha.

Mchuuzi nimemrudisha na hela zake, akanitukana mbele ya watu. Thibitisha chuo cha serikali.

Lakini mchuuzi alipotoka kwangu alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Leonardi, ambaye sasa anampeleka mdogo wake Alphonce chuo kilekile cha Dar. Wamekubaliana auze kahawa yake ikiwa maua, hela anapokea Jumatano. Nilitaka kusema, nikakumbuka ombi lako, nikanyamaza. Leo kanisani akanishika bega na kunipa pole, eti nimeshindwa kumsomesha binti Dar. Moyo uliniuma, si kwa ajili yangu.

Mwambie Alphonce apande huku na bodaboda yake hiyohiyo, amwambie baba yake mwenyewe. Jumatano asubuhi ikifika hajaja, nitasema mimi.

Baba yako. Lile neno la barua ya juzi lifute.